Nani Amewafukuza Nyungunyungu Shambani?

Mwezi wa Februari unapoelekea ukingoni, simu kutoka mashambani huwa na wimbo mmoja. Mzee anakujulia hali, anauliza watoto wanaendeleaje na masomo, kisha anakohoa kidogo na kusema mvua i karibu na bado hajanunua fatalaiza. Nawe mwana wa mjini, hata kama kodi ya nyumba hujaimaliza, unajikaza na kutuma ulicho nacho. Miaka nenda miaka rudi ni hivyo. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini magunia mawili yaliyokuwa yakitosha zamani hayatoshi tena, ilhali shamba ni lile lile, au hata limepungua baada ya ndugu kugawana?

Wazee wengi watakujibu kuwa shamba limechoka. Wengine huongeza kuwa ni fatalaiza iliyowaua nyungunyungu. Wanakumbuka enzi ambapo ukipiga jembe mara moja wakati wa mvua, nyungunyungu walifumuka ardhini na kuku wakamfuata mkulima unyounyo wakiwadonoa. Siku hizi unaweza kulima kuanzia asubuhi hadi chai ya saa nne usione hata mmoja. Madai hayo ni mazito, na kwa kuwa pesa zinazonunua fatalaiza hiyo ni zako, una haki ya kujua kama ni ya kweli. Nami nasema mapema kuwa yana ukweli ndani yake, ila si ukweli ule ambao watu wengi huudhani.

Hebu kwanza tumjue mdudu mwenyewe. (Najua mwalimu wa sayansi atanikemea kwa kumwita mdudu, maana nyungunyungu hana miguu wala mabawa, lakini nyumbani tumemwita hivyo siku zote.) Hana macho wala mapafu. Hupumua kwa ngozi yake, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu, ndiyo sababu jua likimkuta juu ya ardhi hukauka na kufa upesi. Kila nyungunyungu ni dume na jike kwa wakati mmoja, ingawa kwa kawaida bado humhitaji mwenzake ili azae. Na watoto wetu waambiwe ukweli: ukimkata vipande viwili hupati nyungunyungu wawili. Kipande chenye kichwa huenda kikapona, lakini kile cha mkia hufa.

Kazi yake ni kula. Hula majani yaliyooza, mizizi iliyokufa na samadi, akichanganya na udongo wenyewe, kisha huacha nyuma yake vile vichuguu vidogo vidogo vya kinyesi ambavyo huwa na rutuba kushinda udongo unaovizunguka. Kuna jamii zinazoishi juu juu chini ya majani, nyingine hukaa katika udongo ambamo mizizi ya mimea imetanda, na nyingine huchimba mahandaki marefu ya kwenda chini kabisa. Mahandaki hayo ndiyo mabomba ya shamba. Hewa hupitia humo kuifikia mizizi, na mvua ikinyesha, maji huzama badala ya kutiririka juu juu yakibeba udongo mzuri hadi mtoni.

Mwingereza Charles Darwin, yule yule ambaye watu wengi humjua kwa mambo ya chanzo cha viumbe, aliandika juu ya nyungunyungu kwa mara ya kwanza mwaka 1837, na kitabu chake cha mwisho, kilichochapishwa mwaka 1881, kilikuwa juu ya viumbe hao hao. Aliwafuga katika vyungu ndani ya nyumba. Aliwapulizia filimbi, mwanawe akawapigia zumari kubwa, na hawakushtuka hata kidogo. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na sauti ikapigwa, nyungunyungu waliuhisi mtetemo na kukimbilia mashimoni. Hayo yalikuwa mzaha wa kisayansi. Jambo zito lilikuwa hesabu yake kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, kila ekari moja huwa na zaidi ya tani 10 za udongo mkavu zinazopita matumboni mwa nyungunyungu na kuletwa juu kila mwaka. Tani 10, msomaji, ni shehena ya lori. Ukiambiwa ulipe vibarua waichimbue, uilete juu na kuitandaza, utauza shamba lenyewe.

Mwanafunzi anayetaka kuiona kazi hiyo kwa macho yake achukue mtungi wa kioo, aweke tabaka la udongo, kisha la mchanga, kisha la udongo tena, amwagie maji kidogo, atie majani makavu juu na nyungunyungu watano au sita. Aufunike mtungi kwa kitambaa cheusi kwani hawapendi mwanga, na asiuzibe mdomo hewa isiingie. Baada ya wiki mbili hivi ataona yale matabaka yamekorogwa. Akimaliza, awarudishe bustanini.

Sasa turudi kwenye mashtaka. Kuna onyesho moja ambalo hupendwa sana na wale wanaoipinga mbolea ya dukani. Mtu humweka nyungunyungu kwenye sahani, humnyunyizia chembe za fatalaiza, naye maskini hujipinda na kufa mbele ya kadamnasi. Watu huguna. Lakini ungemnyunyizia chumvi ya mezani ungeona yayo hayo, kwa kuwa chumvi yoyote huyavuta maji kutoka katika ngozi yake. Shambani, chembe huyeyuka katika udongo mwingi na hazimpati hivyo. Wachache waliokaribiana nazo huenda wakaumia, lakini hilo haliwezi kumaliza shamba zima. Onyesho hilo basi halithibitishi lolote.

Ushahidi wa maana umo mahali pengine, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, katika mji mdogo wa Harpenden, kaskazini mwa London. Kilianzishwa mwaka 1843 na John Lawes, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa mbolea, akishirikiana na mwanakemia Joseph Gilbert. Kuna shamba la ngano hapo ambalo limekuwa likipandwa tangu mwaka huo, sehemu moja ikitiwa samadi, nyingine mbolea ya kiwandani na nyingine isipewe chochote. Watafiti walipowahesabu nyungunyungu, waliwakuta wengi zaidi palipotiwa samadi. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kuwa palipotiwa mbolea ya kiwandani walikuwa wengi kuliko pale pasipotiwa kitu. Sababu ni nyepesi: ngano iliyostawi huacha mizizi na mabaki mengi, na mabaki hayo ndiyo chakula cha nyungunyungu. Asiyepanda vizuri hana cha kumlisha.

Kando ya hapo kuna uwanja wa nyasi ambao majaribio yake yalianza mwaka 1856. Sehemu moja imekuwa ikipewa nitrojeni kwa njia ya salfeti ya amonia, na sehemu nyingine ikipewa nitrojeni kwa njia ya nitreti ya sodiamu. Ile ya amonia, pale ambapo haikutiwa chokaa, iligeuka kuwa na asidi kali mno. Nyungunyungu walitoweka. Nyasi zilizokufa hazikuoza, bali zilirundikana juu ya ardhi kama godoro, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzila. Ile ya nitreti haikuharibika hivyo. Zingatia hapo, msomaji. Sehemu zote mbili zilipewa mbolea ya dukani, na zote mbili zilipata nitrojeni, lakini moja iliwafukuza nyungunyungu na nyingine haikuwafukuza. Mshtakiwa wetu basi si fatalaiza kwa ujumla. Mshtakiwa ni asidi.

Asidi hiyo hutoka wapi? Mbolea yenye amonia ikiingia ardhini, bakteria huigeuza amonia kuwa nitreti ambayo mmea huitumia, na katika kazi hiyo huachilia asidi. Nitreti isiyotumiwa husombwa na mvua kwenda chini, nayo huondoka na kalsiamu ya udongo. Mahindi nayo yakivunwa na mabua yakibebwa, hubeba kalsiamu nyingine. Mwaka mmoja huoni kitu. Miaka 20 ya mtindo huo huo, bila samadi wala chokaa, ni hadithi tofauti. Na hebu fikiria ni mbolea gani ambayo mkulima wa Kenya amekuwa akiitumia kupandia tangu wengi wetu tuzaliwe. Ni DAP, ambayo nitrojeni yake yote ni ya amonia.

Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambapo 7 ni katikati, na kadiri nambari inavyoshuka ndivyo asidi inavyopanda. Wanafunzi wakumbuke kuwa kila hatua moja ni mara kumi: udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya ule wa pH 6. Ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imetulia katika udongo huanza kuyeyuka na kuidumaza mizizi ya mahindi. Ukikaribia 4.5, nyungunyungu wa jamii nyingi huwa wameshahama au wamekufa.

Na sasa tunafika kwenye mfuko wako. Katika udongo wenye asidi nyingi, aluminiamu na chuma huikamata fosforasi na kuifungia, mmea usiweze kuipata. Fosforasi ndiyo hasa sababu ya kununua DAP. Kwa hivyo mzee anatia gunia, udongo unaifungia fosforasi yake, mahindi yanageuka zambarau na kudumaa, na mzee anaamua kuwa mwaka ujao atie gunia na nusu. Hilo gunia na nusu huongeza asidi. Mwaka unaofuata anakuomba pesa za magunia mawili. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita Sh6,000, kabla ya ruzuku ya serikali kulishusha hadi Sh3,500 na kisha Sh2,500 mwaka 2023. Ruzuku ilisaidia wengi, sikatai. Lakini hata gunia la bei nafuu ni hasara ikiwa udongo unaimeza nusu ya kile ulicholipia.

Si lazima twende Uingereza kutafuta mfano. Hapa Kabete, karibu na Nairobi, katika maabara ya kitaifa ya kilimo ambayo leo iko chini ya shirika la KALRO, kuna jaribio lililoanzishwa mwaka 1976 katika udongo mwekundu kama ule wa sehemu nyingi za milimani. Hupandwa mahindi wakati wa mvua ya masika na maharagwe wakati wa vuli. Vipande vilivyotiwa mbolea ya dukani peke yake vilianza vizuri kisha mavuno yakateremka kadiri miaka ilivyopita. Vilivyofanya vizuri zaidi ni vile vilivyopewa vyote viwili, mbolea ya dukani pamoja na samadi. Mboji ya udongo, ile sehemu nyeusi inayotokana na vitu vilivyooza, ilipungua kotekote kwa sababu ya kulima mfululizo, ila palipotiwa samadi ilipungua polepole zaidi.

Mboji ndiyo nusu ya pili ya kesi hii, na hapa mkulima naye, pamoja nasi tulio mjini, tuna la kujibu. Nyungunyungu hali DAP. Hula majani na mabua. Katika mashamba yetu madogo ya Vihiga, Kisii au Murang'a, mabua ya mahindi hung'olewa yote akapewa ng'ombe. Maganda na magunzi huwa kuni. Yaliyobaki huchomwa ili shamba lionekane safi, maana jirani akiona mabua yamelala shambani atasema mwenye shamba ni mvivu. Samadi nayo hurundikwa nje ya zizi, ikapigwa na jua na mvua miezi mitatu, nitrojeni yake ikapotea hewani na nyingine ikasombwa hadi mferejini. Kisha inapofika shambani watu hushangaa kwamba haina nguvu. Mfunike mtu jikoni na njaa mwaka mzima uone kama hatahama.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna wanaosema suluhisho ni kuitupilia mbali mbolea ya dukani mara moja. Hao nawaomba waitazame Sri Lanka. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 serikali ya huko ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea za kemikali kwa ghafla. Mavuno ya mpunga yaliporomoka, chai ikaathirika, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikawa imelegeza amri hiyo. Familia yenye ekari moja na ng'ombe mmoja haina samadi ya kutosha kulisha ekari hiyo. Anayeiambia iache fatalaiza kabisa huenda hali ugali wa shamba hilo.

Mwaka 2014 wanasayansi waliokusanya majaribio mengi kutoka nchi mbalimbali walionyesha kuwa, kwa wastani, kuwepo kwa nyungunyungu huongeza mavuno kwa asilimia 25. Lakini faida hiyo ilionekana hasa pale ambapo mabaki ya mimea yalirudishwa shambani, na ilififia palipomwagwa nitrojeni nyingi. Maana yake ni kuwa nyungunyungu haleti rutuba kutoka mbinguni. Huifungua ile iliyomo katika mabaki. Pasipo na mabaki, hana cha kufungua.

Wala tusiibebeshe fatalaiza mizigo isiyo yake. Katika mashamba ya kahawa, dawa za shaba zilizopuliziwa miaka mingi kupigana na magonjwa ya tunda na jani hudondoka na kubaki katika udongo, na shaba ni sumu kali kwa nyungunyungu. Kulima kwa trekta mara kwa mara huwakata na kuwafukua. Na ikiwa kwenu ni Kitui au sehemu nyingine kavu, usishangae kuwa huwaoni, kwani huko sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mchwa.

Utajuaje basi hali ya shamba lenu? Ukienda nyumbani wakati wa mvua, Pasaka kwa mfano, chukua jembe na watoto. Chimbeni shimo la sentimita 30 kila upande na 30 kwenda chini, mwage udongo juu ya gunia na mhesabu nyungunyungu. Fanyeni hivyo katikati ya shamba la mahindi, kisha chimbeni jingine chini ya migomba iliyo karibu na jikoni, mahali ambapo majivu na maganda ya viazi humwagwa kila siku. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Ikiwa chini ya migomba wako tele na kwenye mahindi hamna hata mmoja, mzee mwenyewe atalielewa jambo hilo bila hotuba ya mtu yeyote, achilia mbali mtoto wake aliyezoea lami.

Hatua inayofuata ni kupima udongo. Chukueni udongo wa sehemu kumi au zaidi za shamba kwa mwendo wa kwenda kombo, kina cha sentimita 20, mwuchanganye katika ndoo safi na kutoa kiasi cha nusu kilo. Msichukue pale palipokuwa na zizi wala palipochomwa takataka. KALRO hupima, na afisa wa kilimo katika kaunti yenu anaweza kuwaelekeza. Majibu yakionyesha pH iko chini ya 5.5, pesa za gunia moja la DAP zina kazi bora zaidi ya kununua chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa kama yale yanayochimbwa Koru, upande wa Kisumu. Si ile chokaa ya kupaka kuta. Kiasi cha kutia hutegemea majibu ya maabara, kwa hivyo mtu asikisie kwa ndoo.

Kupandia, mwulize afisa juu ya mbolea zenye asidi ndogo kuliko DAP. Ya kukuzia, CAN, ina chokaa ndani yake na si mbaya hivyo. Samadi ifunikwe kwa majani ya migomba au karatasi ya nailoni tangu inapotoka zizini, na itiwe kwenye mashimo ya kupandia pamoja na kiasi kidogo cha mbolea ya dukani, hata ikiwa ni konzi moja kwa shimo. Mabua, angalau nusu yake, yalazwe katikati ya mistari, jirani aseme atakalo. Na chokaa isichanganywe na mbolea ya amonia wala samadi mbichi siku moja, kwa sababu amonia itageuka hewa na kupaa, nawe utakuwa umelipia harufu. Huhitaji muda ardhini ili ifanye kazi, mwezi mmoja hivi kabla ya kupanda, kwa hivyo pesa zake zitumwe Januari, kabla ya simu ya mzee.